Nzi wangu anazama kila baada ya mitupo mitatu

"Mwalimu, habari za kazi. Nilianza kuvua trauti kwa nzi bandia, yaani ndoana iliyovishwa manyoya ifanane na mdudu, mwaka jana, zaidi katika mto Thego na mara mojamoja Burguret. Nzi wangu wa kuelea, wa aina ya Adams, ndoana namba 14, hukaa vizuri juu ya maji kwa mitupo miwili au mitatu, kisha hulowa na kuzama. Nikimwongeza mafuta hali inazidi kuwa mbaya. Natumia jeli ya petroli ya kujipaka mwilini kwa sababu mafuta ya wavuvi ni ghali. Ajabu ni kwamba pale anapoelea juu kabisa, kwenye kidimbwi kilichotulia, trauti huja, humtazama, halafu hugeuka. Rafiki yangu ananiambia ninunue nzi wa sponji, niachane na hawa wa manyoya. Tatizo ni nzi, ni mafuta, au ni mimi? Na hawa nzi kumi na wawili ambao nimeshawapaka, niwatupe?"

Ndugu yangu, barua yako ina maswali mawili, na mengi yatanyooka tukiyatenganisha mapema. La kwanza ni kwa nini nzi anazama. La pili ni kwa nini trauti anamkataa nzi anayeelea. Wavuvi wengi huyafanya kuwa swali moja kwa kuamini kwamba nzi akikaa juu zaidi ndivyo samaki atakavyomtaka zaidi. Imani hiyo ndiyo inayokufanya uzidishe mafuta, na ndiyo inayokunyima samaki pale kidimbwini. Nzi ana vimo kadhaa vya kuelea, na kazi ya mvuvi ni kuchagua kimo kinacholingana na maji pamoja na kile samaki anachokula saa hiyo.

Tuanze na kinachomshikilia nzi juu. Ndoana ni chuma, na chuma ni kizito karibu mara 8 kuliko maji ya ujazo uleule. Kwa hiyo haielei kama mtumbwi. Inashikiliwa na ngozi ya maji. Fanya jaribio hili jikoni: laza sindano kavu juu ya kipande cha karatasi ya shashi, kisha weka karatasi hiyo taratibu juu ya maji ya bakuli. Karatasi italowa na kushuka, sindano itabaki juu. Ukiinama uitazame kwa upande utaona maji yamebonyea chini yake kama godoro chini ya mtu aliyelala. Sasa tia tone moja la sabuni ya vyombo kwenye ukingo wa bakuli. Sindano itazama papo hapo. Uzito wake haujaongezeka hata kidogo, ila ngozi ya maji imelegea.

Nguvu hiyo huitwa mvutano wa uso wa maji, na inaweza kupimwa. Kila sentimita moja ya mstari ambapo maji safi yanagusana na kitu kisicholowa inaweza kubeba hadi karibu miligramu 70. Nzi namba 14 aliyefungwa kwenye waya mwembamba ana uzito wa makumi machache tu ya miligramu. Ndiyo maana ule ukosi wa manyoya unaozunguka shingo ya nzi wako unatosha: ncha zake nyingi zinasimama juu ya maji, kila moja ikibonyeza kishimo chake kidogo, na zote pamoja zinabeba mzigo bila taabu. Zinaweza kufanya hivyo zikiwa kavu. Nyuzi za unyoya zikishalowa, maji hupanda kuzizunguka, na nafasi zilizokuwa na hewa zinajaa maji. Nzi anakuwa mzito, na wakati huohuo anapoteza miguu ya kusimamia.

Hapo ndipo jeli yako inapokuangusha, na kwa njia mbili. Ya kwanza ni wakati unapoipaka. Umesema unaongeza mafuta nzi anapoanza kuzama, maana yake unapaka juu ya manyoya ambayo tayari yana maji. Mafuta hayawezi kuyafukuza maji hayo. Yanayafunika, yanayafungia ndani, na kila ukirudia unaweka tabaka jingine juu ya maji yaleyale. Ya pili ni unene wake. Jeli ya petroli ni nzito, na katika maji ya baridi yanayoteremka kutoka Mlima Kenya inakuwa nzito zaidi. Inazigandisha nyuzi za ukosi pamoja kama nywele zilizopakwa gundi. Mahali palipokuwa na ncha hamsini za kusimamia pamebaki vishungi vitano vizito.

Tabia ya kubadili leo, hata kabla ya kununua chochote, ni hii: kausha kwanza, mafuta baadaye. Nzi akilowa, mvute ufukweni. Msuuze kwa kumtikisa majini kidogo, hasa kama ametoka kinywani mwa samaki, kwa sababu ute wa trauti unashika manyoya na kuyafanya yapokee maji. Watu wengi hukurupuka kupaka mafuta juu ya ute huo, na nzi hawezi kuelea tena siku hiyo. Baada ya kumsuuza, mbane katikati ya kitambaa cha pamba kikavu, mara tatu au nne, ukihamisha sehemu ya kitambaa kila mara. Mpulizie pumzi kwa nguvu. Wengine hufunga kitanzi cha raba kwenye fulana ya uvuvi, wakamnasa nzi humo, wakaivuta raba na kuipiga kwa kidole kama uzi wa zeze. Maji yanaruka kama vumbi, na manyoya hayaumii. Huko Ulaya, wavuvi wa zamani walikuwa wakitumia kuvu fulani laini la miti lenye rangi ya kahawia kukamulia nzi, na wapo wanaolitumia hadi leo kwa sababu linanyonya maji kuliko kitambaa chochote.

Akishakauka ndipo utumie unga. Wavuvi hutumia unga mweupe mwepesi sana wa silika uliotengenezwa ukatae maji. Unamtia nzi ndani ya kichupa pamoja na unga huo, unatikisa, unamtoa akiwa mweupe kama aliyeanguka kwenye unga wa ngano, unapuliza ule uliozidi, basi. Hiyo ndiyo dawa ya mtoni, ya katikati ya kazi. Mafuta ya jeli ya wavuvi, ambayo kwa kawaida yametengenezwa kwa silikoni, ni ya mwanzo wa siku, nzi akiwa hajawahi kugusa maji. Kiasi kisizidi kichwa cha kiberiti. Kisugue kati ya vidole mpaka kiwe majimaji na kipoteze weupe wake, kisha kipitishe juu ya ncha za manyoya kwa wepesi. Ukiona mng'aro wa mafuta kwenye nzi, umezidisha. Asubuhi za baridi za Naro Moru na Nanyuki, weka kichupa kwenye mfuko wa ndani wa shati ili mafuta yasigande.

Kuhusu gharama nakuelewa, na sitakudanganya kwamba kila kinachouzwa kwa wavuvi ni cha lazima. Kitu kimoja ambacho ningekushauri ununue ni huo unga. Kichupa kimoja, ukikitumia vizuri, hukaa muda mrefu sana. Ukiwa bado huna uwezo, kusanya vile vipakiti vya chembe za kukausha vinavyowekwa ndani ya masanduku ya viatu na ya vifaa vya umeme. Tumia zenye chembe nyeupe au zisizo na rangi, na zile za buluu ziache kwa sababu nyingi hutiwa kemikali yenye madhara. Mwage chembe hizo kwenye chupa ndogo yenye kifuniko kinachobana, mtie nzi, tikisa. Zitamnyonya maji. Hazimkingi asilowe tena kama unga unavyofanya, lakini zinakupa nzi mkavu, na huo ni zaidi ya nusu ya kazi. Zikishiba maji, zipashe moto taratibu kwenye kikaango kisicho na mafuta na zitafanya kazi tena.

Mikono yako nayo tuitazame. Dawa ya kufukuza mbu, mafuta ya jua, losheni, mabaki ya sabuni, vyote huhamia kwenye nzi kila unapomshika, na baadhi yake hufanya kazi ileile ya tone la sabuni kwenye bakuli. Dawa nyingi za mbu pia huyeyusha plastiki ya mshipi wako wa kuvulia. Jipake, lakini kwa nyuma ya mkono, na vidole uvioshe mtoni kwa mchanga.

Sasa nzi mwenyewe. Hukuniambia umenunua wapi au kama umemfunga mwenyewe. Kenya ni moja ya nchi ambazo kazi ya kufunga nzi bandia imekua kuwa biashara kubwa, na nzi wengi wanaouzwa Uingereza na kwingineko wamefungwa na mikono ya Wakenya. Kwa hiyo nzi mzuri yupo karibu nawe. Lakini wanauzwa pia wabaya, na tofauti unaweza kuiona kwa macho. Shika nzi kwenye mwanga. Nyuzi za ukosi ziwe ngumu, zinang'aa, zimesimama kila moja peke yake, na urefu wake uwe karibu mara moja na nusu ya upana wa mdomo wa ndoana. Hayo ni manyoya ya shingo au ya kiuno cha jogoo. Ukiona nyuzi laini, zisizong'aa, zenye ukungu kama pamba karibu na shina, hayo ni manyoya ya tetea au ya jogoo mchanga. Yanafaa sana kwa nzi wa kuzama, maana yanacheza ndani ya maji. Kwa nzi wa kuelea yananyonya maji kama sifongo, na hakuna mafuta yatakayoyaokoa.

Tazama na mwili. Mwili wa uzi wa pamba au sufi nene hubeba maji. Wafungaji hupenda polipropilini, plastiki ileile wanayofumia magunia ya unga na sukari, kwa sababu ni nyepesi kuliko maji na hailowi. Nywele za mbawala na wanyama wa jamii yake zina vyumba vya hewa ndani yake, na ndiyo sababu nzi kama Elk Hair Caddis husimama hata kwenye maji yanayochemka. Mwisho, waya wa ndoana. Namba 14 ya waya mnene, ile iliyotengenezwa kwa nzi wa kuzama, itamshusha nzi hata akiwa amevishwa vizuri namna gani.

Ikiwa nzi ni mzuri na umemkausha inavyopaswa, lakini bado anazama baada ya mitupo mitatu, basi kuna kinachomvuta, na mara nyingi ni mshipi. Mkondo wa katikati ya mto unakimbia kuliko maji ya pembeni alipo nzi wako. Mshipi wako umelala juu ya mkondo huo wa kasi, unaburutwa, nao unamburuta nzi. Unaweza usione mstari wowote nyuma yake, kwa sababu mvuto mdogo sana unatosha kuzilaza zile ncha za manyoya na kuzipitisha chini ya ngozi ya maji. Ndiyo maana wavuvi wawili wenye nzi wa aina moja, kutoka kisanduku kimoja, nzi wa mmoja huelea mita kumi na wa mwingine huzama baada ya mbili. Sogea karibu na samaki. Simama chini ya mkondo kuliko alipo. Refusha uzi mwembamba wa mwisho, ule unaofungwa kwa nzi, kwa nusu mita au zaidi, na utupe ili uzi huo uanguke ukiwa na mikunjo mikunjo. Mikunjo hiyo ndiyo akiba ya muda: mpaka inyooke, nzi anasafiri huru.

Uzi wenyewe pia una tabia. Nailoni ina uzito unaokaribiana na wa maji, umezidi kidogo tu, hivyo hukaa juu au ndani ya ngozi ya maji kwa muda. Florokaboni ni nzito karibu mara 1.8 ya maji. Ni uzi imara na wauzaji huusifia, lakini ukiufunga kwenye nzi mdogo wa kuelea unamvuta kichwa chini. Tumia nailoni kwa nzi wa kuelea, na florokaboni uiwekee nzi wa kuzama.

Namna unavyomtoa nzi majini nayo inahesabika kuliko watu wanavyodhani. Mwisho wa safari, usimng'oe kwa nguvu. Ukimng'oa anapiga mbizi, analowa hadi mfupani, halafu unashangaa mtupo unaofuata. Inua fimbo polepole mpaka mshipi wote umeachana na maji, ndipo umrushe nyuma. Kwenye uwazi, mitupo miwili mitatu ya hewani inampukuta maji. Lakini najua Thego ilivyo, matawi juu ya kichwa na vichaka mgongoni, na huko juu zaidi ni mianzi. Mahali kama hapo hakuna nafasi ya kupukuta hewani, na ule mtupo wa kuviringisha mshipi juu ya maji unamlowesha nzi kila mara. Tumia mtupo wa upinde: shika nzi kwa mkono wa kushoto, ukiwa umemshika kwenye mpindo wa ndoana, pinda fimbo, lenga, achia. Nzi anaruka mita chache akiwa mkavu kabisa, na katika mito yetu mita chache hutosha.

Tuje kwa trauti anayekuja, anatazama, anageuka. Swali hili ndilo ninalolipenda, kwa sababu samaki huyo amekupa jibu la nusu. Umemvutia. Amesafiri kutoka alipokuwa, jambo linalomgharimu nguvu, kisha akaona kitu kilichomtia shaka.

Fikiria anavyoona. Mwanga ukiingia majini hupinda, kwa hiyo trauti akitazama juu anaiona dunia yote ya nje ikiwa imebanwa ndani ya duara moja, kama mtu aliyeko kisimani. Pembe ya duara hilo ni karibu digrii 97. Akiwa kwenye kina cha sentimita 30, duara lina upana wa takriban sentimita 68 tu. Nje ya duara hilo, uso wa maji kwa chini ni kioo, na anachokiona humo ni taswira ya mawe ya sakafu ya mto. Sasa nzi wako anakuja akielea, bado yuko nje ya duara. Kilicho juu ya maji hakionekani. Kinachoonekana ni vile vishimo vya mwanga ambavyo ncha za manyoya zimevibonyeza kwenye kioo, pamoja na chochote kilichopenya chini ya ngozi ya maji. Nzi anayesimama juu kabisa anatoa nukta chache za mwanga tu. Mdudu aliyenasa kwenye ngozi ya maji, mwili wake ukining'inia nusu chini, anaonekana waziwazi kutoka mbali, na trauti anajua kwamba huyo hawezi kuruka.

Wadudu wengi wa mito ya milimani huanza maisha chini ya mawe. Wakati wa kupata mabawa ukifika hupanda juu, huning'inia kwenye ngozi ya maji wakijikwamua kutoka gamba la zamani, kisha husimama juu yake mabawa yakikauka, na ndipo waruke. Baada ya kutaga mayai huanguka tena majini, mabawa yametanda, wamelala bapa. Kwa hiyo mdudu mmoja ana vimo vitatu. Adams wako, aliyefungwa kwa mara ya kwanza na Leonard Halladay huko Michigan mwaka 1922, ameigiza kile cha kati, cha kusimama juu. Trauti wako wa kidimbwini huenda anakula wale wanaoning'inia.

Utajuaje? Tazama samaki anavyokula kabla ya kutupa chochote. Akivunja uso wa maji na kuacha povu moja au mawili, amemeza hewa pamoja na mdudu, yaani amekula kilicho juu. Ukiona maji yanavimba tu, au mgongo na pezi vinapita bila kuacha povu, anakula chini kidogo ya uso. Hii si kanuni isiyokosea, lakini nimeitegemea sana na imenilipa.

Basi mshushe nzi. Njia ya kwanza haina gharama: chukua mkasi mdogo na ukate manyoya ya ukosi ya upande wa chini, sawasawa na mdomo wa ndoana. Mwili utashuka na kulala kwenye ngozi ya maji, manyoya ya ubavuni yakimshika asizame. Kata kidogo kwanza, utupe, utazame, kisha kata tena ikibidi. Njia ya pili ni kutumia nzi ambaye ukosi wake umezungushwa kwenye shungi linalosimama mgongoni mwake, ukalala kama mwavuli uliofunguliwa, kwa mfano Parachute Adams. Mpake mafuta shungi na mwavuli peke yake, mwili uuache. Njia ya tatu ni nzi aliyebuniwa na Mholanzi Hans van Klinken katika miaka ya 1980, anayeitwa Klinkhåmer, ambaye tumbo lake lote linaning'inia chini ya maji. Huyo unapaka shungi, na tumbo unalilowesha kwa mate kabla ya kutupa ili lipenye mara moja. Wavuvi wengi hupaka nzi huyu mafuta mwili mzima kwa mazoea, wakaua kusudi lake lote.

Kuna manyoya mengine ya kutajwa hapa, yale yanayoota kuzunguka tezi ya mafuta ya bata juu ya mkia. Wafungaji huyaita CDC. Yana vinyuzi vidogo mno vinavyoshika hewa, na nzi wake huonekana hai kuliko wote. Usiyapake jeli ya aina yoyote. Yatashikana na hayatafunguka tena. Yanataka kubanwa kwa kitambaa, kupulizwa, na unga.

Kwenye maji yaliyotulia kama kidimbwi chako, upake pia uzi wa mwisho udongo laini wa mfinyanzi ili utoke mafuta ya vidole na uzame kidogo, kwa maana uzi unaoelea huchora mfereji wa kivuli juu ya kichwa cha samaki. Anza sentimita chache kutoka kwa nzi, usimguse mwenyewe. Kwenye maji yenye mawe na povu usijisumbue na hilo. Huko hata nzi anayesimama juu kabisa ni sahihi: maji yenyewe yanavunja picha, samaki ana muda mfupi wa kuamua, na wewe unahitaji kumwona nzi wako.

Rafiki yako hajakosea kabisa kuhusu sponji. Sponji yenye vyumba vya hewa vilivyofungwa hailowi, haihitaji mafuta, na mvua ikianza kupiga uso wa maji ndiyo pekee itakayobaki juu. Kwa kuigiza panzi na mende wanaoanguka kutoka kwenye nyasi za ukingoni ni bora, na trauti wa mito yetu hula sana vinavyoanguka kutoka nchi kavu. Ningebeba wawili watatu kila siku. Lakini nzi wa sponji ana kimo kimoja tu, huwezi kumshusha wala kumpandisha, na akitua kwenye kidimbwi kimya anaanguka kwa kishindo. Ukiwaacha wa manyoya kabisa utakuwa umelikimbia swali la kidimbwi bila kulijibu.

Yapo mambo ambayo siwezi kuyaona kutoka hapa nilipo. Kama umekausha, umebadili uzi, umesogea karibu na bado nzi anazama, tafuta mvuvi mzoefu au mwongozaji akusimamie nusu siku mtoni. Kosa la mkono halionekani kwa barua, na mtu aliyesimama pembeni hulitambua kwa dakika tano. Mpelekee na mshipi wako auguse: ncha yake ikiwa inazama, ioshe kwa maji ya vuguvugu yenye sabuni kidogo na uisuuze sana, ikiwa imepasukapasuka, hakuna kuosha kutakakosaidia, inabadilishwa. Uliza pia ofisi ya uvuvi ya eneo lako kuhusu leseni na masharti ya kila sehemu ya mto, kwa kuwa hutofautiana. Na ukipanda hadi ndani ya msitu wa Mlima Kenya au Aberdare, kwenye mito kama Gura, ambako trauti wa kahawia kutoka ziwa Loch Leven la Uskoti walitiwa mwaka 1905, usiende bila askari wa wanyamapori au mwenyeji anayeijua njia. Nyati hukaa kwenye vichaka vilevile vya kando ya maji, na mvua ikinyesha juu mlimani mto unaweza kujaa wakati ulipo wewe kuna jua.

Nzi wako kumi na wawili usiwatupe. Watie kwenye kikombe cha maji ya vuguvugu yenye matone mawili ya sabuni ya vyombo, wasugue taratibu kwa mswaki laini kuelekea upande wa ncha za manyoya, kisha wasuuze mara nyingi. Sabuni ikibaki utarudi palepale kwenye sindano ya bakuli. Washike kwa kibanio mmoja mmoja juu ya mvuke wa birika kwa sekunde chache, ukiweka vidole mbali na mvuke, na utaona ukosi ukijifungua na kusimama tena. Waache wakauke siku nzima juu ya karatasi kabla ya kuwarudisha kisanduku, la sivyo ndoana zitashika kutu. Kati yao chagua wanne, uwakate manyoya ya chini kama nilivyoeleza, na uwapeleke kwenye kidimbwi kile.